Je, Wajua Jinsi Wanafunzi wa Sekondari Wanavyounda Gari la Kasi kwa Vyuma Chakavu?

Nyuma ya madarasa ya shule nyingi za sekondari nchini Marekani lipo jengo lenye paa refu na mlango mpana wa kukunja, ambalo sakafu yake ya zege imekolea madoa ya oili na kuta zake zimetundikwa spana kwa kufuata ukubwa. Hiyo ni karakana ya shule, na somo linalofundishwa humo humpatia mwanafunzi alama za kuhitimu kama somo lingine lolote. Katika baadhi ya karakana hizo, vijana wa miaka 15 hadi 18 huletewa bodi iliyoliwa na kutu ya Ford ya mwaka 1930, injini iliyong'olewa kwenye pikapu iliyopata ajali, na ekseli iliyotoka kwenye gari la tatu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mlango hufunguliwa na gari zima hutoka likiendeshwa. Inawezekanaje mkweche uliotupwa, tena mikononi mwa wanafunzi wasio na kiwanda wala mashine za kufinyanga bati, uwe na mbio kuliko ulivyokuwa siku ulipouzwa ukiwa mpya?

Watazamaji wengi huelekeza macho kwenye injini, lakini jibu liko chini zaidi, kwenye chasisi. Magari ya Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 yaliundwa kwa boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na juu ya fremu hiyo kila kitu kilifungwa kwa boliti: bodi, injini, giaboksi, springi na tangi la mafuta. Ukifungua boliti za bodi, watu wachache wanaweza kuinyanyua na kuiweka kando, na chasisi itabaki imesimama kwa magurudumu yake ikisubiri chochote kingine. Magari mengi madogo ya leo hayana fremu ya namna hiyo, kwa kuwa bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Ukilikata gari hilo katikati umekata uti wa mgongo wake. Ndiyo maana mwalimu wa karakana akitafuta mkweche wa kufundishia huupendelea wa zamani, na mapenzi ya mambo ya kale si sababu kubwa kama watu wanavyodhani.

Gari linaloundwa hivyo huitwa hotirodi. Lilianza kupata sura yake huko California ya kusini katika miaka ya 1930, vijana walipoanza kununua Ford Model T zilizochoka, mojawapo ya magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1908 na 1927, au Model A iliyofuata baada yake, na kuyapeleka kwenye maziwa makavu ya jangwani kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 3.6 na nguvu farasi 65, ndani ya gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kulinunua. Magari hayo yalipogongwa au kuchakaa, injini zake zilihamia kwenye bodi nyepesi za miaka ya nyuma. Mwaka 1937 klabu za vijana hao ziliunda chama cha kupima kasi kwa saa, na baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi wakiwa wamejifunza kuchomelea na kutengeneza injini jeshini waliuongezea mchezo huo ufundi uliokuwa ukikosekana. Mashindano ya barabarani yalipokuwa kero, Wally Parks na wenzake walianzisha mwaka 1951 chama cha taifa cha kuyahamishia kwenye viwanja maalumu.

Shule, kwa upande wake, zilikuwa na karakana kabla ya kuwa na magari. Kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, chuo cha ufundi cha Moscow kilionyesha mfumo wa kufundisha ufundi kwa mazoezi yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu, badala ya kumwacha mwanagenzi amtazame fundi wake kwa miaka. Wamarekani waliuchukua, mwaka 1880 Calvin Woodward alifungua huko St. Louis shule ambamo vijana walisoma hesabu asubuhi na kushika tupa na nyundo siku hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1917, inayojulikana kwa majina ya wabunge Smith na Hughes, ilizipatia shule za sekondari fedha za serikali kuu kwa ajili ya elimu ya kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani. Karakana nyingi zilififia baadaye, hasa baada ya ripoti ya tume ya taifa ya mwaka 1983 iliyotaka masomo ya kitaaluma yaongezwe, lakini zile zilizobaki bado zinafuata wazo la Moscow: hakuna anayekaribia gari kabla hajachomelea vipande kadhaa vya majaribio, vikakatwa na kukunjwa ili ionekane kama kiungo kimeshika hadi ndani au kimepakwa juujuu tu.

Kazi yenyewe huanza kwa futi kamba. Fremu ya miaka 90 huwa imepinda, na kabla ya kuongezewa chochote ni lazima irudishwe kwenye mraba wake. Wanafunzi huiweka juu ya vigingi vilivyosawazishwa kwa pima maji, kisha hupima kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili visipolingana, fremu imekaa kama mwanasesere aliyekaliwa, na gari litakalojengwa juu yake litavuta upande mmoja maisha yake yote. Nadhani hapa ndipo kanuni ya Pythagoras, ambayo darasani huonekana kama adhabu, huanza kueleweka ni ya nini.

Fremu ikishanyooka huimarishwa. Boriti za Model A zina umbo la herufi C, yaani upande mmoja uko wazi, na zilitosha kwa injini ya nguvu farasi 40. Injini yenye nguvu mara nne ikiwekwa juu yake huisokota kila dereva anapokanyaga mafuta. Ili kuelewa ubaya wa upande ulio wazi, chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki dukani kitambaa kikiisha, jaribu kulisokota, kisha lipasue kwa urefu kwa mkasi na ulisokote tena. Karatasi ni ileile na uzito ni uleule, lakini ukakamavu wake umetoweka. Wanafunzi hufanya kinyume cha mkasi huo: hukata bamba za chuma na kuufunika upande ulio wazi ili boriti iwe kama kasha refu. Bamba hizo hazichomelewi kwa mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa na kuvuta boriti nzima kama upinde. Kwanza hushikizwa kwa matone madogo yaliyoachana, kisha mchomeleaji huruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kutoka boriti ya kushoto hadi ya kulia, akikipa kila kipande muda wa kupoa. Kijana mwenye haraka huligundua hilo pale anaporudia kupima pembe kwa pembe.

Sasa hesabu ya mbio. Model A ilipokuwa mpya ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,000, hivyo kila nguvu farasi moja ilisukuma kilo 25. Vijana huondoa madigadi, bampa, vibao vya kukanyagia na mara nyingine boneti, kisha huweka injini ambayo karibu kila uwanja wa vyuma chakavu wa Marekani unayo, yaani ile ya silinda nane ya Chevrolet iliyoanza kutengenezwa mwaka 1955. Toleo lake la lita 5.7 lilifungwa kwa miongo kadhaa kwenye pikapu, magari madogo na ya mizigo, na vipuri vyake vingi hubadilishana kutoka mwaka hadi mwaka. Hata iliyotoka kwenye pikapu ya kawaida ya miaka ya 1970 hutoa nguvu farasi 150 hivi. Gari zima likiwa na kilo 1,100, kila nguvu farasi inasukuma kilo saba na kitu. Hakuna muujiza wowote katika injini hiyo, ambayo kwenye pikapu yake ya zamani ilikuwa ya kuchosha kabisa. Kilichobadilika ni mzigo.

Kusimamisha gari ni kazi ngumu kuliko kulikimbiza, na mwalimu makini hutumia wiki nyingi zaidi kwenye breki kuliko kwenye injini. Model A ilisimamishwa kwa vyuma vyembamba vilivyovutwa na pedali, mfumo ambao haukustahili kukabidhiwa kasi ya leo. Wanafunzi huung'oa wote na kuweka breki za mafuta, kwa kawaida za diski mbele, pamoja na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, yenye vyumba viwili, ili bomba la mbele likipasuka la nyuma libaki likifanya kazi. Pedali yenyewe huwa somo la wenzo: kama umbali kutoka ekseli ya pedali hadi unyayo ni mara sita ya umbali kutoka ekseli hiyo hadi ufito wa kusukuma masta silinda, mguu unaosukuma kwa nguvu ya kilo 30 hufikisha nguvu ya kilo 180. Wakikosea tundu la ufito kwa sentimita mbili, breki huwa ngumu kama ukuta au laini kama sifongo.

Kwa magurudumu ya mbele, viwanja vya vyuma chakavu vina kichekesho chao. Ford Mustang II ya mwaka 1974 hadi 1978 ilidharauliwa sana na wapenzi wa magari kwa udogo na uzembe wake, lakini mfumo wake wa mbele, wenye springi, mikono na usukani katika kipande kimoja kidogo, ulitosha vizuri kwenye fremu nyembamba za zamani kiasi kwamba mafundi waliyachinja magari hayo kwa ajili ya kipande hicho tu. Zilipoanza kuadimika, viwanda vidogo vikaanza kutengeneza nakala zake.

Bodi ndiyo inayopendwa kupigwa picha, hasa pale paa linaposhushwa. Nguzo za madirisha hukatwa, kipande cha sentimita saba au kumi huondolewa, na paa hurudishwa chini. Kwenye Model A ya milango miwili kazi hiyo inawafaa wanaoanza, kwa kuwa nguzo zake zimesimama karibu wima na vioo vyake ni bapa, hivyo fundi wa vioo anaweza kuvikata upya. Gari ambalo nguzo zake zimelala ni balaa: ukishusha paa, ncha za juu na za chini hazikutani tena, na inakubidi ulipasue paa na kulirefusha.

Zipo pia hatari ambazo mwalimu hairuhusu hata moja ifanyiwe mzaha. Tangi la petroli lililoonekana kavu kwa miaka 20 bado linaweza kuwa na mvuke wa kutosha kulipuka likiguswa na cheche. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikipashwa moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosijeni, ambayo katika Vita Kuu ya Kwanza ilitumika kama silaha.

Jambo ambalo huwashangaza wageni ni kwamba gari hujengwa mara mbili. Kwanza linaunganishwa lote likiwa chuma kitupu, bila rangi, hadi ekzosi na nyaya, ili ionekane kama usukani unapita kando ya injini na kama mlango unafunga. Likishakamilika, vijana hulifungua tena lote hadi boliti ya mwisho. Ni siku ngumu kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho ambao hawatakuwepo likiunganishwa upya. Viungo vilivyoshikizwa kwa matone huchomelewa kabisa, vyuma hupigwa mchanga na rangi, na ndipo kazi ya pili huanza, safari hii kwa mikono safi.

Baada ya hapo huja ukaguzi wa serikali, ambao hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Huko California gari lililoundwa kwa vipande vya magari mengi huandikishwa kama gari la kuundwa kipekee, na ofisa hukagua namba na risiti ili kuhakikisha kwamba hakuna kipande kilichoibwa. Kisha huulizwa gari hili ni la mwaka gani, kwa sababu umri wake huamua linabanwa na masharti gani ya moshi. Kila mwaka magari 500 ya kwanza kujiandikisha huruhusiwa kuhesabiwa kwa mwaka wa gari ambalo bodi au injini yao inalifanana zaidi. Gari lisilofanana na lolote lililowahi kutoka kiwandani, hata kama rangi yake haijakauka vizuri, huandikwa kuwa ni la mwaka 1960.