Je, wajua mhudumu wa gesti hujuaje kwamba umevuta sigara chumbani?

Saa nne asubuhi, gesti moja ya Area C, Dodoma. Mgeni ameshakabidhi ufunguo, begi liko begani, anasubiri bodaboda. Dada wa usafi anatoka chumba namba saba, anakwenda mapokezi na kunong'ona maneno mawili matatu. Mgeni anaitwa.

"Shikamoo baba. Samahani, chumbani kumevutwa sigara."

"Marahaba. Nani kavuta? Mimi dirisha nililiacha wazi usiku kucha!"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za dirisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la mapokezi nikisubiri chumba changu kifanyiwe usafi, kwa hiyo niliusikiliza ule mzozo mwanzo hadi mwisho. Kipisi hakikuonekana, majivu hayakuonekana, na mzee wa watu alikuwa amepuliza pafyumu kiasi kwamba ilimfuata hadi kwenye korido. Dada aliingia, akasimama kama sekunde tano, akatoka na jibu. Amejuaje?

Tuanze na mzee mwenyewe, maana naamini hakuwa anadanganya kuhusu harufu. Kwa pua yake, chumba kilikuwa safi. Pua ya binadamu huchoka haraka: ukikaa na harufu moja kwa muda, ubongo unaacha kuitilia maanani ili ubaki macho kwa harufu mpya. Ndiyo maana muuza samaki hasikii shombo la genge lake, na wewe husikii harufu ya nyumba yako mpaka urudi kutoka safari. Aliyelala na moshi usiku kucha ndiye shahidi mbovu kuliko wote. Dada wa usafi ametoka uani, kwenye kamba za kuanikia shuka, pua yake haijazoea chochote. Anachokipata zile sekunde za mwanzo mlangoni ndicho kipimo, na wahudumu wazoefu wanalijua hilo: hawangoji kufikiria, kwa sababu dakika chache baadaye pua zao nazo zitakuwa zimeshazoea.

Sasa tuje kwenye moshi wenyewe. Wengi tunaudhani ni kama mvuke wa chai, unapaa, unatoka, umekwisha. Moshi wa sigara ni mchanganyiko wa gesi na matone madogo sana ya lami na nikotini, mengi yakiwa madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Nikotini inapenda kunata. Ikikutana na ukuta, pazia, mto au nywele, inakaa.

Halafu kuna jambo ambalo hata wavutaji wa miaka mingi hushangaa wakiambiwa. Sehemu kubwa ya moshi unaobaki chumbani haikupitia kifuani kwa mvutaji. Inatoka kwenye ncha ya sigara, pale inapofuka yenyewe kati ya mvuto mmoja na mwingine. Kwa hiyo yule anayetoa kichwa dirishani na kupuliza moshi nje kwa ustadi, huku mkono wenye sigara ameuacha ndani, amejisumbua bure.

Na dirisha la Dodoma lina mambo yake. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda mkavu, na upepo wake haubembelezwi. Kama dirisha lako linautazama upepo, ukilifungua hutoi moshi. Unausukuma kwenye neti, kwenye mapazia, kisha chini ya mlango hadi korido. Jirani wa chumba namba nane ndiye anayeamka kifua kimembana. Ukija Juni au Julai, wakati wa baridi, utalifunga hilo dirisha kabla sigara haijafika nusu, na blanketi zito litapokea kilichobaki.

Neti ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Ni nyuzi maelfu zinazoning'inia katikati ya chumba, hewa ikipita katikati yake usiku mzima. Ungetaka kutengeneza kichujio cha kunasa moshi usingepata umbo bora kuliko hilo. Dada yule aliniambia, baada ya mzozo kupoa, kwamba yeye hanusi hewa: ananusa neti, halafu pindo la pazia, halafu foronya. Pafyumu inafunika hewa, neti haijui kuficha siri.

Wengine hukimbilia kiyoyozi wakidhani kitautoa moshi. Kiyoyozi kile cha ukutani, chenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hakibadilishi hewa. Kinachosafiri kati ya vipande viwili ni gesi ya kupoozea ndani ya mabomba; hewa ya chumba inazunguka humohumo, inapita kwenye kichujio na mapezi yenye unyevu, na kuacha lami yake hapo. Mgeni wa kesho akikiwasha, kinampulizia usoni sigara ya jana. Na wale wa bafuni, wanaofungua bomba la maji ya moto ili mvuke umeze harufu? Kuna vyumba vya self ambavyo tundu lake la hewa linaungana na la chumba cha juu. Tusiseme mengi.

Joto nalo lina kazi yake. Nikotini iliyonata haikai hapo milele, inaachia polepole kurudi hewani, na inaachia zaidi chumba kinapopata joto. Ndiyo maana chumba kinaweza kunusa vizuri saa moja asubuhi, kisha saa nane mchana, jua la Oktoba likiwa limeshachoma bati na madirisha yamefungwa, harufu inarudi kana kwamba mtu amewasha nyingine. Mapokezi wanalaumiwa kwa kutofanya usafi, na usafi ulifanyika. Hata kupaka rangi mpya hakusaidii kama ukuta haukuoshwa kwa sabuni kwanza: ule umanjano wa lami hupenya rangi na kujitokeza tena.

Wanasayansi wanauita moshi wa mkono wa tatu. Wa kwanza ni wa mvutaji, wa pili ni wa aliyekaa naye, wa tatu ni huu uliobaki ukutani baada ya wote kuondoka. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba nikotini iliyonata juu ya vitu hukutana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, hasa inayotoka kwenye majiko ya gesi na injini za magari, na kuzaa kemikali za jamii ya naitrosamini, ambazo ni miongoni mwa zile za saratani. Kwa maneno mengine, uchafu ule haukai tu, unabadilika.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, ulikwenda moja kwa moja hotelini. Watu wasiovuta walilazwa kwenye hoteli mbalimbali za California, kisha vidole na mkojo wao vikapimwa. Waliolala kwenye hoteli zinazoruhusu sigara katika baadhi ya vyumba walitoka na nikotini nyingi zaidi vidoleni kuliko waliolala kwenye hoteli zilizopiga marufuku kabisa. Na vyumba vya wasiovuta katika hoteli hizo za nusu kwa nusu navyo vilikutwa na nikotini juu ya samani kupita vyumba vya hoteli zenye marufuku kamili. Ule utaratibu wa "ghorofa ya pili wavutaji, ya kwanza wasiovuta" unamfurahisha mwenye hoteli tu. Moshi hausomi vibao vya milangoni.

Hapa mtu atauliza: si waweke mashine? Ving'amuzi vya moshi vipo (si vile vya televisheni), hasa katika hoteli mpya zilizochipuka tangu serikali ilipohamia Dodoma. Aina mojawapo ina mwale wa mwanga ndani ya kijumba kidogo chenye giza. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, unaangukia kihisio, king'ora kinalia. Lakini kifaa hicho kimetengenezwa kukuamsha nyumba ikiungua. Sigara moja kwenye chumba kikubwa huweza kufifia kabla ya kufika darini, na king'amuzi kikanyamaza. Ajabu ni kwamba sigara ya kielektroniki, ambayo wenyewe huiona haina kesi, hutoa wingu zito la matone linaloweza kukiamsha kifaa hichohicho. Kipo pia kizazi kipya cha vihisio vinavyopima vumbi laini hewani na kumtumia meneja ujumbe kwenye simu, ila katika gesti ya kawaida ya Makole au Chang'ombe kihisio ni pua.

Kinachoniudhi mimi ni wale wanaovisha king'amuzi soksi au mfuko wa nailoni. Ncha ya sigara inayofuka ina joto la mamia ya nyuzi, na godoro la sponji, hata lile lenye jina la mji huu, hushika moto taratibu, kimyakimya, mtu akiwa usingizini. Mwenye soksi amezima masikio ya jengo zima. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini lazima kwanza mtu aamke ndipo apige.

Turudi kwa mzee wetu, maana ugomvi ulifika kwenye fedha. Ukutani palikuwa na tangazo: "Ukivuta sigara chumbani faini Sh 100,000." Akasema kwa sauti, "Nyie ni mahakama?" Swali zuri. Tanzania inayo Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kuvuta katika maeneo ya umma iliyoyataja huku ikiacha mwanya wa kutenga sehemu za wavutaji. Mwaka 2007 nchi iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na mwaka huohuo nchi wanachama walipitisha miongozo inayosema hakuna kiwango salama cha moshi wa wengine, na kwamba feni na vichujio haviwezi kuwa mbadala wa marufuku. Lakini ile laki moja ya ukutani haitoki kwenye sheria hizo. Hiyo ni fidia ya kimkataba, hata kama wameiandika "faini".

Na hapo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina la kusema. Kifungu cha 74 kinaeleza kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa masharti yakivunjwa, anayedai hupata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Laki moja ni dari. Si lazima uifikie. Ndiyo maana gesti zenye akili humsainisha mgeni sharti hilo kwenye kitabu cha wageni kabla ya kumpa ufunguo, na hupiga picha za majivu, kipisi kilichozama chooni au tundu kwenye shuka. Tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango, ambalo mgeni analiona akiwa ameshalipa, lina nguvu ndogo kwenye mabishano.

Hasara yenyewe ipo, haibuniwi. Chukua chumba cha Sh 40,000. Neti, mapazia, blanketi vyote vifuliwe siku moja badala ya kusubiri zamu yake, kuta zifutwe, kichujio cha kiyoyozi kioshwe, na chumba kilale wazi usiku mmoja bila mgeni. Mwezi Januari mwenye gesti atauma meno. Kati ya Aprili na Juni, Bunge la Bajeti likiwa linaendelea na watu wanazunguka Area D hadi Kisasa usiku wakiulizia kitanda, kumfungia mtu chumba ni maumivu zaidi. Hoteli kubwa zina mashine za ozoni za kuua harufu, lakini ozoni nayo inaumiza mapafu, chumba lazima kiwe kitupu na kipewe muda wa kupumua.

Ila kuna kosa ambalo pua haiwezi kulikwepa. Kwa kuwa moshi unanata na kuachia polepole, anayelaumiwa leo anaweza kuwa amerithi sigara ya mgeni wa Jumanne. Pua inajua kwamba kumevutwa, haijui nani. Ndiyo maana ukiingia chumbani ukasikia harufu, rudi mapokezi kabla hujatua begi, useme, waandike. Ukishalala humo, harufu ni yako.

Mzee alilipa elfu ishirini baada ya kuombana sana, akaitwa "baba" mara nyingi, akaondoka akinung'unika. Kuhusu wazee wetu wa Kigogo wanaonusa ugoro, dada alisema hawajawahi kumsumbua kwa harufu. Wao wanamsumbua kwa madoa kwenye shuka.

Nilipomuuliza kama hana njia nyingine zaidi ya kunusa, alinionyesha uani, chini ya mwarobaini, mahali walipoweka benchi na kopo la rangi lililojazwa mchanga kwa ajili ya wavutaji. Kila asubuhi, kabla hajagusa chumba, huhesabu vipisi kwenye kopo hilo. Siku gesti imejaa na kopo liko tupu, siku hiyo anaanza na neti.