Ngome na mchanga wa Oman: anza na Sur, malizia Nizwa

Wageni wengi wanaoniandikia kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huja na ratiba waliyokwisha kuipanga. Wanatua Muscat, kesho yake Nizwa, kisha Bahla, kisha mchangani, na mwisho ufukweni Sur. Kazi yangu ni kupanga safari za bara ya Oman, na ratiba hiyo kila nikiletewa huipindua: tunaanza Sur, tunamalizia Nizwa.

Sababu ya kwanza ni masoko. Soko la wanawake la Ibra ni Jumatano. Soko la Mabedui la Sinaw ni Alhamisi. Mnada wa mifugo wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Ukiitazama ramani utaona siku hizo tatu zinakwenda kutoka mashariki kuelekea magharibi, mji baada ya mji. Anayetokea Nizwa anakwenda kinyume nazo, na kila akifika mahali anaambiwa soko lilikuwa jana. Sababu ya pili ni kwamba hii ndiyo njia waliyorudia watu wetu wenye asili ya Oman. Aliyeondoka Unguja na pepo za kusi alishuka Sur, akapita Jaalan na Bidiya, akafika Ibra au akaendelea ndani zaidi. Ukiifuata njia hiyo, kila mji unakueleza kwa nini unaofuata ulijengwa.

Basi toka Muscat Jumapili kwa barabara ya pwani, kilomita 200 hivi. Sur usiipite mbio. Nenda kwenye karakana ya majahazi, halafu uitazame Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa mwaka 1951, ambalo sasa linatunzwa nchi kavu. Majahazi ya mji huu yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko za Lamu na za delta ya Rufiji. Upana wa vyumba vingi vya zamani katika nchi za Ghuba ulipimwa kwa urefu wa boriti zetu. Nyuma ya mji kuna ngome ya Sunaysilah juu ya kilima. Ipande jioni, uione bahari na bara kwa pamoja.

Usiku wa Jumapili ni wa kasa. Ras al Jinz, mwendo mfupi kutoka Sur, ni hifadhi tangu mwaka 1996, na kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga karibu mwaka mzima. Kuna msafara wa usiku na mwingine wa alfajiri, yote na mwongoza wageni wa hifadhi. Mimi husisitiza ule wa alfajiri hata kwa waliokwenda usiku: kunakuwa na nafasi zaidi, na mwanga wa asubuhi unakuonyesha vizuri alama pana anayoiacha kasa akijiburura kurudi majini. Mama mmoja hutaga kama mayai 100 kwa mara moja, akayafukia kwa makasia yake ya nyuma, polepole, kama mtu anayetandika kitanda. Tochi na mwanga wa simu havitakiwi kabisa. Mwanga humrudisha mama baharini kabla hajataga, na huwapoteza watoto, ambao hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye weupe. Tafadhali mwambie hivyo kila uliyefuatana naye kabla hamjafika.

Hapa pana mgongano ambao lazima uamue mapema. Kasa huja kwa wingi zaidi kati ya Juni na Septemba, na miezi hiyo ndiyo jangwa la mchanga la Sharqiya linapopita nyuzi 45 mchana. Kambi nyingine hufungwa kabisa. Atakaye baridi ya Januari atapata jangwa zuri na kasa wachache. Nikiulizwa, nasema Oktoba. Kasa bado wapo, na usiku wa jangwani umeanza kupoa.

Jumatatu ni ya Jaalan Bani Bu Ali. Watalii wengi hawaujui mji huu, na inaniuma, kwa sababu historia yake imefungamana na yetu. Mwaka 1820 Sayyid Said bin Sultan alikuja hapa pamoja na kikosi cha Waingereza cha Kampuni ya India Mashariki kuwapiga Bani Bu Ali, kabila la mji huu. Wakashindwa vibaya, na Sayyid mwenyewe akajeruhiwa. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi kutoka Bombay, wakaubomoa mji. Huyo ndiye Sayyid Said aliyehamishia makao yake Unguja baadaye. Ngome ya udongo ipo, na karibu yake msikiti wa Al Hamooda wenye makuba 52 madogo madogo.

Kutoka Jaalan kwenda Bidiya utapita Al Kamil wal Wafi, penye hifadhi ya As Saleel, pori la migunga lenye swala wa Uarabuni. Watu huniuliza sana juu ya choroa, yule mweupe mwenye pembe ndefu. Alitoweka porini mwaka 1972, akarudishwa mwaka 1982 katika Jiddat al-Harasis, akilindwa na Waharasis wenyewe, wafugaji wa uwanda ule. UNESCO iliitangaza hifadhi yake kuwa urithi wa dunia mwaka 1994. Kisha wawindaji haramu waliipunguza idadi kutoka 450 hadi 65, eneo lenyewe likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 likawa la kwanza duniani kufutwa katika orodha ile. Choroa bado wapo katika hifadhi ya Al Wusta, upande wa Haima, lakini huko ni mbali, ni njia ya Salalah, na kunahitaji kibali. Usilazimishe kuiingiza hifadhi hiyo katika wiki hii. Ipe safari yake.

Mchanga wa Sharqiya, ambao wengi wanauita Wahiba kwa jina la kabila lake, una kilomita za mraba 12,500 hivi. Lala huko usiku wa Jumatatu na wa Jumanne. Gari liwe linalovuta magurudumu yote manne, na kabla ya kuacha lami punguza upepo wa matairi mpaka yalale kidogo. Vituo vya Bidiya wanakupunguzia na kukujazia ukitoka. Usiingie peke yako na gari moja bila mwenyeji. Matuta yananyooka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo katikati yake mna njia, lakini ukitaka kukata upande wa pili hapo ndipo magari yanapokwama. Mchana wa Jumanne, joto likizidi, nenda ukaoge Wadi Bani Khalid, urudi jioni.

Jumatano ondoka mapema, Ibra. Soko la wanawake ni la asubuhi: vitambaa, wanja, udi, manukato. Wanaume wakae nje mpaka wakaribishwe. Halafu nendeni wote Al Mansfah, mtaa wa kale wa matajiri waliofanya biashara na Afrika Mashariki, na baadaye Al Mudayrib, mji mdogo wa kabila la Waharthi. Milango ya nakshi utaitambua mara moja ukiwa umekulia Mji Mkongwe au Lamu. Nyumba nyingi za Al Mansfah zinaporomoka. Udongo hautaki mengi, unataka paa zima na mtu wa kupiga lipu kila baada ya mvua kubwa, na wenye nyumba wamehamia mitaa mipya. Tembea kwa hadhari, usipande ghorofani. Na zungumza Kiswahili kwa sauti; katika mji huu si ajabu ukajibiwa na mzee aliyezaliwa Unguja au Tabora.

Alhamisi, Sinaw. Saa mbili zinatosha, ngamia wakipakiwa nyuma ya magari na kina mama wa Kibedui na barakoa zao wakipatana bei. Kisha lala Nizwa, kwa sababu Ijumaa mnada huanza mapema na unakwisha kabla jua halijakuwa kali. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wamewashika kamba, wanunuzi wamechuchumaa kando na katikati. Anayependezwa humsimamisha, humfungua mbuzi mdomo atazame meno, humpapasa mgongo, bei inasemwa kwa sauti ya chini, na mzunguko unaendelea.

Ngome ya Nizwa ilijengwa na Imam Sultan bin Saif al-Yarubi, mtawala wa Oman aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Mnara wake wa duara umejazwa udongo na mawe sehemu ya chini ili uhimili mizinga. Panda ngazi na uangalie juu ya kila mlango: kuna tundu. Kupitia hilo walinzi waliwamwagia adui asali ya tende iliyochemka. Halafu tafuta ghala la tende, uone sakafu yenye mifereji. Magunia yalipangwa juu yake, uzito ukayakamua, na asali ikatiririka hadi kwenye mtungi. Silaha na chakula vilitoka chumba kimoja.

Ngome za Bahla na Jabreen ziweke Jumamosi. Bahla ni kubwa, urithi wa dunia tangu mwaka 1987, na ilikaa katika orodha ya zilizo hatarini hadi 2004 kwa sababu ya udongo uleule. Jabreen ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa dari zake zilizochorwa maua. Aliijenga Imam Bil'arab bin Sultan, na humo akafa akiwa amezingirwa na ndugu yake Saif. Kaburi lake liko ndani. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Mtu wa Mombasa akitoka Jabreen, ngome ya kwao huiona upya.

Ukianza kuweka nafasi, anza na Ras al Jinz, kwani makundi ni madogo na hujaa. Kisha hoteli ya Nizwa ya usiku wa Alhamisi, ambao hujaa kwa ajili ya mnada. Kambi za mchangani ziache mwisho, ziko nyingi. Ngome, ulizia saa zake wiki hiyohiyo, hasa Ijumaa na katika Ramadhani.