Kutoka kinyesi hadi koloni safi: jinsi maabara inavyothibitisha kipindupindu

Masika yakishakolea huku pwani, simu zinazotoka vituo vya afya kuja maabara huwa na swali moja: ni kipindupindu au siyo? Siku hizi kipo kipimo cha haraka, kijiti unachokichovya na kusubiri mistari itokee ndani ya robo saa hivi. Nakithamini sana, kwa sababu tahadhari ya mapema ndiyo inayowatoa maofisa afya ofisini kwenda kutibu maji ya visima. Lakini kijiti hakikupi bakteria mwenyewe. Hakikuambii ni dawa gani bado inamuua, wala hakikuachii kitu cha kupeleka maabara ya taifa. Hayo yote hutoka kwenye koloni moja, yaani rundo la bakteria waliozaliwa na mmoja, safi, iliyoota peke yake juu ya sahani ya kuoteshea. Ndiyo maana hubishana na kila anayetaka turuke hatua ya kusafisha ili majibu yatoke siku hiyohiyo.

Nianze na jambo lisilo na mjadala: mgonjwa hasubiri maabara. Anayeharisha mfululizo kinyesi cha majimaji kama maji ya mchele anapewa maji ya chumvichumvi au dripu papo hapo. Na mlipuko ukishathibitishwa, si lazima kila mgonjwa apimwe. Tunachotafuta maabara ni uhakika kwamba mlipuko upo, ni wa aina gani, na unasikia dawa zipi.

Kazi hii hufaulu au huharibika wodini, kabla sampuli haijatufikia. Sampuli ichukuliwe kabla ya mgonjwa kumeza dozi ya kwanza ya antibayotiki. Kama kinyesi kibichi hakiwezi kufika maabara ndani ya saa mbili, kijiti cha pamba kizamishwe kwenye midia ya Cary-Blair, ute wa kusafirishia sampuli, na kibaki kwenye joto la kawaida la chumba, mbali na jua. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wamefundishwa kwamba sampuli huwekwa kwenye friji, wanaweka. *Vibrio cholerae*, bakteria wa kipindupindu, hapendi baridi, ukavu wala tindikali. Ndani ya Cary-Blair anaweza kukaa siku kadhaa bila friji. Na kama Cary-Blair imekwisha, kipande cha karatasi ya kuchujia kilicholowana kinyesi, kikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na matone mawili matatu ya maji ya chumvi ili kisikauke, kinatosha kabisa. Nimeona sampuli za namna hiyo zikiotesha vizuri kuliko zilizosafirishwa kwenye boksi la barafu.

Kinyesi kimejaa bakteria wa kila aina, na tunayemtafuta anaweza kuwa wachache mno, hasa kwa mtu anayeelekea kupona. Kwa hiyo kwanza tunampa nafasi ya kuwatangulia wenzake. Tunatumia maji ya peptoni (chakula cha bakteria) yenye alkali, pH karibu 8.5, ambayo bakteria wengi wa tumboni hawaipendi, ila yeye huongezeka ndani yake kwa kasi. Tena anaogelea na anapenda hewa, basi hupanda juu. Baada ya saa 6 hadi 8 kwenye inkubeta, kabati la joto, ya nyuzi 35 hadi 37, unagusa ule uso wa juu kwa lupu, kitanzi kidogo cha kuchotea, bila kutikisa chupa. Ukiitikisa umewachanganya tena uliokwisha kuwatenganisha. Ukiiacha usiku kucha bila kuhamisha, wale waliochelewa nao wanamfikia, na faida yote imepotea.

Kutoka hapo tunakwenda kwenye sahani ya TCBS, midia inayowachagua jamii ya *Vibrio*. Mchanganyiko wake una alkali, chumvi za nyongo, sukari ya sukrosi na rangi inayobadilika tindikali ikitokea. Huchemshwa tu, hauingizwi kwenye otoklevu, mtambo wa kutakasa kwa mvuke. Sahani mpya huwa ya kijani kibichi. *Vibrio cholerae* anapoila sukrosi hutoa tindikali, na koloni zake zinatoka za njano, bapa, zenye upana wa milimita 2 hadi 4. Ndugu yake *Vibrio parahaemolyticus*, anayekuja na samaki na kamba wasioiva, haili sukrosi, hivyo anabaki wa kijani. Sahani isomwe baada ya saa 18 hadi 24, tena mapema ukishaitoa, kwa sababu njano ikikaa muda mrefu au ikiingizwa friji inaweza kurudi kijani na kukudanganya.

Namna unavyochora mistari kwenye sahani ina uzito kuliko midia yenyewe. Unapaka tone kwenye kona moja. Unachoma lupu hadi iwe nyekundu, unaiacha ipoe, unaigusisha pale ulipopaka na kuvuta mistari kuingia robo ya pili. Unachoma tena, robo ya tatu. Tena, ya nne. Kila ukichoma unapunguza idadi, mpaka robo ya mwisho bakteria wanaangukia mmoja mmoja, na kila mmoja anazaa koloni yake. Asiyechoma lupu kati ya robo na robo atapata zulia la bakteria, na zulia halina jibu.

Ufundi huu una historia yake, na historia hiyo ni ya kipindupindu hasa. Mwaka 1854 huko Florence, Filippo Pacini aliona kwa hadubini vijidudu vilivyopinda ndani ya matumbo ya waliokufa kwa ugonjwa huu. Alikuwa sahihi, lakini hakuwa na njia ya kuwatenga, na kwa miaka mingi wachache sana walimsikiliza. Mwaka 1883 daktari Mjerumani Robert Koch alikwenda Misri, akawaona vijidudu haohao, na bado hakuweza kuwaotesha peke yao. Aliwapata wakiwa safi alipofika Calcutta, India, na mwanzoni mwa mwaka 1884 akatoa taarifa. Kati ya kuona na kuotesha ndipo ubishi ulipoanza kwisha. Sahani tunazozishika leo ni za enzi hiyohiyo. Fanny Hesse, aliyekuwa akifanya kazi na mumewe katika maabara ya Koch, ndiye aliyependekeza agari, ute mgumu utokanao na mwani, badala ya jelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto la inkubeta, na mwaka 1887 Julius Richard Petri akaeleza sahani yenye kifuniko inayobeba jina lake.

Sasa tunafika kwenye ugomvi wangu. Asubuhi unafungua inkubeta, unaona koloni za njano, na mganga mkuu anapiga simu. Kishawishi ni kuchukua ile koloni na kuipima palepale. Usifanye hivyo. Kwanza, njano si yake peke yake: *Vibrio alginolyticus* wa baharini naye ni wa njano, na hata baadhi ya *Proteus* hutoka hivyo. Pili, TCBS inawazuia bakteria wengine wasiote, lakini haiwaui wote. Chini na pembeni ya ile koloni nzuri wapo wengine, hai, wasioonekana, na ukihamishia midia ya kawaida wanaamka. Tatu, vipimo vyenyewe havifanyi kazi vizuri kutoka hapo. Kipimo cha oksidesi, kinachotafuta kimeng'enya cha bakteria, kinaweza kukupa jibu hasi la uongo kwa sababu ya ile tindikali, na koloni za TCBS zinanata kiasi kwamba antisera, majimaji ya kingamwili yanayowagandamanisha bakteria wa kundi fulani, haisomeki kwa uhakika.

Dawa yake ni rahisi: gusa koloni moja ya njano kwa ncha ya sindano ya waya, ihamishie kwenye agari ya kawaida isiyochagua bakteria, chora tena robo nne, na usubiri ikue. Kama zote zilizoota zinafanana, endelea. Kama zina sura mbili, rudi nyuma. Mganga mkuu anaweza kuambiwa "tunashuku" leo na "tumethibitisha" kesho, na mimi humwambia hivyo bila woga.

Koloni ikishakuwa safi, mambo yanakwenda mbio. Oksidesi inatoa zambarau ndani ya sekunde 10. Tumia kijiti cha mbao au lupu ya plastiki, kwa sababu lupu ya nikromu inaweza kukupa zambarau ya uongo. Kipimo cha uzi nakipenda kuliko vyote: unachanganya koloni na tone la diokikoleti ya sodiamu ya asilimia 0.5, seli zinapasuka, DNA inamwagika, na ndani ya dakika moja ukiinua lupu inavuta uzi mrefu wa ute. Ukipaka rangi ya Gram, hadubini itakuonyesha vijiti vyekundu vilivyopinda.

Halafu antisera. *Vibrio cholerae* ana makundi zaidi ya 200, na ni mawili tu, O1 na O139, yaliyosababisha milipuko mikubwa. Ukimpata wa O1, unaangalia kama ni wa aina ndogo ya Ogawa au ya Inaba. Daima weka tone la maji ya chumvi pembeni kwa kulinganisha: bakteria akigandamana hata kwenye maji ya chumvi, kugandamana kwake kwenye antisera hakuna maana.

Maabara zenye PCR, mbinu ya kunakili DNA, zinaweza kutafuta jeni ya sumu moja kwa moja. Mashine ya MALDI-TOF, inayopima uzito wa protini za bakteria, inataja jina la bakteria kwa dakika chache, lakini haisemi kama ni O1, tena nayo inadai koloni safi.

Kisha kipimo cha dawa, kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4. Hapa bakteria wa pili aliyejificha anaharibu kila kitu, kwa sababu duara tupu unalolipima kuzunguka kidonge cha dawa, pale bakteria waliposhindwa kuota, laweza kuwa la mwingine. Na Tanzania inajua uzito wa duara hilo. Mlipuko ulioanza Oktoba 1977 ulianza na bakteria wote wakiuawa na tetrasaiklini. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wasioumwa kama kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya waliooteshwa walikuwa sugu. Hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu walikuwa wakiotesha na kupima wakati mlipuko ukiendelea, si baada ya kwisha.

Kwa hiyo koloni isitupwe majibu yakishatoka. Ichomeke kwenye kichupa cha agari laini, funika kwa mafuta ya madini yaliyotakaswa, funga, andika namba na tarehe, na iweke kabatini kwenye joto la kawaida hadi gari la maabara ya taifa lipite. Sahani na vijiti vilivyobaki viingie kwenye otoklevu ya nyuzi 121 kabla havijatoka mlangoni.