Padi za Mashine za Zamani za Gemu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kati ya yote yanayosemwa na watu wanaokusanya na kutengeneza padi za mashine za zamani za gemu, kauli ninayoihofia zaidi ni ile isemayo kwamba plagi ikiingia kwenye tundu bila kulazimishwa, basi padi hiyo inaifaa mashine hiyo. Plagi ya pini 9 iliyotumiwa na Atari 2600 mwaka 1977 ilichukuliwa baadaye na kompyuta za Commodore 64 na Amiga, mashine ya Sega Mega Drive na nyingi kati ya mashine za kuiga Famicom ya Nintendo zilizoingia hata katika masoko ya Afrika Mashariki, lakini kilichofanana kwa zote ni umbo tu.

Kijiti cha Atari hakina chipu yoyote ndani yake: kila upande ni swichi inayounganisha pini yake na waya wa chini (ground). Padi ya Mega Drive ina chipu, nayo hupokea umeme wa volti 5 kupitia pini ya 5, huku pini ya 7 ikipitisha ishara ambayo mashine huitumia kuchagua kundi la vitufe la kusoma. Kwenye Commodore 64 ni pini hiyo hiyo ya 7 inayotoa volti 5. Padi za mashine za kuiga Famicom nazo zina lugha yao tofauti kabisa, kwani chipu yake hutuma hali ya vitufe vyote kimoja baada ya kingine kupitia waya mmoja. Ndiyo maana kijiti cha Atari kinaweza kuongoza michezo kadhaa ya Mega Drive kikiwa na kitufe kimoja tu, ilhali padi ya Mega Drive iliyochomekwa kwenye Commodore 64 yaweza kuonekana inafanya kazi huku ikiihatarisha chipu inayosoma kibodi. Mwaka 1986 ilitoka kompyuta ya Spectrum +2 yenye plagi ile ile ambayo nyaya zake zilipangwa upya, kwa hiyo hata vijiti visivyo na chipu havikuelewana nayo bila kebo ya kubadilisha pini. Fundi makini hupima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Dhana ya pili inahusu vijiti vinavyolegea au kujisogeza vyenyewe: husemwa kwamba vyote vina ugonjwa mmoja, na dawa yake ni spiriti. Kwa DualShock, padi ya PlayStation, maelezo hayo yana ukweli kiasi, kwa sababu kila mhimili wa kijiti husomwa na potensiomita, yaani mguso mdogo unaotambaa juu ya njia ya kaboni. Uchafu ukiondolewa, usomaji hutulia. Kaboni ikiwa imelika, hakuna kimiminika kitakachoirudisha, na potensiomita hubadilishwa kwa kulehemu. Kijiti cha Nintendo 64, ya mwaka 1996, hakina kaboni hiyo. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye matundu yanayokatiza mwanga, na mashine huhesabu mikatizo hiyo ili kujua kijiti kimesogea kiasi gani. Kinacholika ni bakuli la plastiki na meno ya sehemu zinazozungusha magurudumu hayo, na unga mweupe unaokutwa ndani ni plastiki yenyewe iliyosagika. Kusafisha huondoa unga, lakini ulegevu hubaki mpaka sehemu hizo zibadilishwe. Tena, padi hiyo huchukua mahali kijiti kilipo wakati wa kuwashwa kuwa ndipo katikati, kwa hiyo aliyewasha huku amekisukuma ataona mchezaji wake anatembea peke yake bila kitu kuharibika; kubonyeza L, R na Start kwa pamoja humaliza tatizo.

Wengine hudhani sensa za sumaku, zisizogusana na chochote, ni uvumbuzi wa juzi na kwamba hazikosei kamwe. Sega ilizitumia kwenye padi ya kijiti ya mashine yake ya Saturn mwaka 1996 na kwenye ile ya Dreamcast mwaka 1998. Sensa hailiki kweli, lakini springi huchoka.

Katika vibanda vya gemu, DualShock 2 ambayo vitufe vyake vimekufa kwa pamoja, au vinajibonyeza vyenyewe, huhukumiwa kuwa imeungua. Mara nyingi bodi ni nzima. Vitufe hubonyeza utando mwembamba wa plastiki, na katika matoleo mengi miisho ya utando huo hubanwa kwenye bodi na kipande cha sponji, ambacho kikisinyaa mguso hupotea. Kipande kipya cha sponji, au tabaka chache za utepe wa karatasi wenye gundi nyuma yake, huirudisha padi kazini.

Bunduki ya mwanga ya Nintendo, Zapper, nayo hutupwa bure. Mtu huijaribu kwenye televisheni bapa, haipigi, anaitangaza mbovu. Kifyatulio kinapovutwa, skrini huwa nyeusi kwa kitambo, kisha mraba mweupe huonekana mahali pa shabaha, na bunduki hutazama kama giza limefuatwa na mwanga. Imetengenezwa kutambua mwanga wa televisheni ya chogo, unaochorwa mstari kwa mstari. Televisheni bapa huchelewesha picha na haina mwanga wa namna hiyo.

Televisheni hizo hizo ndizo mara nyingi zenye lawama ya kuchelewesha amri ambayo hutupiwa adapta za USB za padi. Adapta inayosomwa mara 125 kwa sekunde huongeza milisekunde 8 kwa kiwango cha juu, wakati mashine ya mfumo wa televisheni wa PAL kwa kawaida huisoma padi mara 50 kwa sekunde. Adapta duni zipo, lakini jaribu kwanza kwenye chogo.

Kwa mkusanyaji, padi ya pili ya Famicom ya mwaka 1983 isiyo na Start wala Select si bandia: nafasi hiyo ilipewa maikrofoni. Na plastiki iliyogeuka njano si uchafu wa kusuguliwa. Haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa jua hurudisha rangi, ingawa unjano unaweza kurejea, na mchanganyiko usiposambazwa sawasawa huacha mabaka. Ni vyema kuanza na kifuniko cha padi iliyokufa.