Baskeli, uzito na kipimo cha kiuno: maelezo kwa wanaoanza

Tangu mazoezi ya viungo ya kitaifa ya Zanzibar, yanayofanywa kila tarehe mosi Januari, kiliniki yetu ya maradhi yasiyoambukiza hapa Pemba imepokea watu wengi walioanza kuendesha baskeli ili wapungue. Jambo hili limetufurahisha. Lakini ilipofika Machi, wengi wao walirudi na malalamiko, na malalamiko yenyewe yanafanana: magoti yanauma, mizani haisogei, kiti kinatia ganzi. Wachache walitutia hofu zaidi, kwa sababu sukari iliwashuka wakiwa barabarani. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Nianze na maalim mmoja wa skuli, mtu wa makamo. Alikuja na baskeli yake ya mtumba ya Kijapani, akaiegemeza kwenye mwembe, akaingia amenuna. "Dokta, hii baskeli imenidanganya. Wiki ya saba leo, sijakosa hata siku za mvua, nimepungua kilo moja tu. Nishapata mtu wa kumuuzia." Nikamwomba asikae kwanza, tumpime kiuno. Kadi yake ya Januari iliandikwa sentimita 108. Siku ile utepe ulisoma 105. Presha yake iliyokuwa 152 kwa 96 ilikuwa imeshuka mpaka 138 kwa 86, na dawa hatukumbadilishia. Maalim alikuwa karibu kuuza kitu kilichokuwa kinamponya, kwa sababu alikitazama kwa mizani peke yake.

Hesabu ya mizani iko hivi. Mtu wa kilo 85 akiendesha mwendo wa kawaida, kilomita 15 au 16 kwa saa, kwa nusu saa mwili hutumia kalori kama 250. Chapati moja iliyokolea mafuta ina kiasi hicho, pengine na zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zinazokaribia 7,700. Basi anayeendesha nusu saa, siku tano kwa wiki, na sahani yake ikabaki vile vile, atahitaji wiki sita hivi kuitoa kilo moja. Maalim alikuwa sawa na hesabu. Aliyekosea ni aliyemwambia kwamba kwa baskeli atapungua kilo kumi kwa mwezi.

Kinachopunguza uzito kwa sehemu kubwa ni chakula. Baskeli ina kazi nyengine, na ni kazi kubwa: inaufanya moyo usukume damu kwa wepesi, inashusha presha, na inafanya misuli iipokee sukari kutoka kwenye damu. Faida hiyo ya sukari hudumu siku moja mpaka mbili baada ya kuendesha, kisha hupotea, ndiyo maana tunasisitiza usipitishe siku mbili mfululizo bila ya zoezi. Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Na mwenye uzito uliozidi akipungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na nusu kwa mtu wa kilo 90, presha na sukari huanza kuonesha tofauti.

Kwa upande wa sahani sitaki kurefusha, haya yanajulikana. Ila chai niitaje. Vijiko vitatu vya sukari kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko kumi na mbili, karibu kalori 200. Hizo ni dakika 25 za baskeli zilizozama kwenye kikombe. Na wapo wanaofika nyumbani na jasho lao, wakafungua soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari isiyopungua vijiko saba. Maji yanatosha. Wali wa nazi hatumkatazi mtu, tunasema uwe robo ya sahani, samaki robo, na nusu iliyobaki iwe mchicha, bilingani au kisamvu kisichojaa tui.

Sasa suala la jasho, ambalo tumelisema mpaka midomo imekauka. Jasho ni maji na chumvi. Si mafuta yanayoyeyuka. Ukijipima baada ya kuendesha ukaona umepungua nusu kilo, hayo ni maji, yatarudi ukinywa. Bado kuna watu wanaendesha wamevaa koti la mvua, au wamejifunga nailoni tumboni, katika joto la kaskazi. Huko si kupungua, ni kutafuta kuanguka. Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi; ukilifungia ndani, joto hupanda mpaka kichwa kikauma, mtu akatapika, akapoteza fahamu. Nawaomba kwa dhati, vaeni nguo nyepesi. Na maji ya ndimu na tangawizi kabla ya kutoka ni kinywaji tu, hayana mafuta yanayoyakata.

Tunaulizwa pia, tena kwa kunong'onezwa, kama baskeli inapunguza nguvu za kiume au inamharibu msichana. Kuendesha kwa kawaida hakufanyi hivyo. Ganzi ya sehemu za siri mara nyingi hutokana na ncha ya kiti iliyoinuka juu au kiti kisichomfaa mtu. Kilaze kiwe sawa, simama juu ya pedeli kila baada ya dakika kadhaa, na ganzi ikiendelea njoo utuone. Hakuna la kuona haya hapo.

Magoti nayo yanaanzia kwenye kiti. Wazito wengi huogopa kuanguka, wakakishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zinakanyaga chini wakiwa wamekaa. Kwa kiti hicho goti linakunjika mno kila mzunguko, na baada ya wiki mbili linauma kwa mbele. Fanya hivi: shika ukuta, panda, teremsha pedeli moja mpaka chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unyooke wote bila ya nyonga kuinamia upande. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Ukikipandisha kupita hapo, maumivu huhamia nyuma ya goti. Kuhusu kuogopa kuanguka, jifunze kuteremka mbele ya kiti unaposimama, mguu mmoja chini. Ni suala la siku tatu.

Mwenye zaidi ya kilo 100 amuone fundi kabla. Baskeli nyingi za kawaida zimetengenezwa kubeba kilo 100 mpaka 120, pamoja na mzigo wa keria. Akaze njiti za tairi la nyuma, aangalie breki zote mbili, na ajaze upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Utaratibu wa kupimwa kabla ya kuanza unawahusu wenye presha, kisukari, maradhi ya moyo, na kila aliyepita miaka 40 ambaye hajawahi kupimwa. Ukifika, nenda choo kwanza, kwa sababu kibofu kikijaa presha hupanda. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Utakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila ya kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze na jirani wakati mashine inapima. Wengi hawalijali hili, na kipimo kinaharibika. Tunapima mara mbili kwa kupishana dakika moja, tunaandika wastani. Kiuno kinapimwa kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, bila ya kulivuta tumbo ndani. Mwanamke akipita sentimita 88 au mwanamume 102, hatari imeshakuwa kubwa, hata kama mizani inamsifu.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, hatumruhusu mtu kuanza mpaka ishuke kwa dawa. Tunalalamikiwa sana kwa hili, lakini hatubadilishi. Anayekosa miadi miwili mfululizo tunaanza naye upya vipimo vyote, kwenye foleni ya wapya. Msituone wakali. Kadi yenye tundu la miezi minne haituambii dawa imemfanyia nini mtu.

Wenye kisukari wanisome kwa makini hapa. Anayejidunga insulini, au anayemeza glibenklamaidi, sukari yake inaweza kushuka akiwa njiani au saa kadhaa baadaye, hata usiku akiwa amelala. Anayetumia metfomini peke yake hatari yake ni ndogo. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (kwa mashine inayosoma mmol/L), kula kitu kwanza, kwa mfano ndizi moja. Insulini usiidunge pajani siku unayotaka kuendesha, kwa sababu paja linafanya kazi na dawa huingia kwenye damu haraka kuliko ilivyokusudiwa, dunga tumboni. Mfukoni weka tende tatu au sukari vijiko vinne kwenye karatasi. Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi, njaa ikakubana ghafla au macho yakafanya kiza, simama papo hapo, kula, subiri dakika 15, upime tena kama una mashine. Bibi mmoja alizidiwa hatua chache kutoka kwao kwa sababu alisema moyoni, "Nishafika." Walimkuta kakaa ukingoni mwa barabara, hajui jina la mtaa wake.

Dawa usiiache kwa kuwa umeanza zoezi. Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari wako, na tunaufanya kwa furaha vipimo vikiruhusu. Ukirudi safari, vua viatu, tazama nyayo na katikati ya vidole. Mwenye ganzi ya miguu anaweza kuchubuliwa na pedeli asijue. Kandambili si kiatu cha baskeli.

Kasi ujipime kwa mdomo: uweze kuzungumza sentensi nzima, usiweze kuimba. Kipimo hiki ni bora hasa kwa wanaotumia dawa za presha na moyo za atenololi au propranololi, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo ya moyo kupanda, na wakati mwengine huficha ule mtetemo wa sukari iliyoshuka. Kifua kikibana, pumzi ikakatika au kizunguzungu kikaja, teremka, na siku hiyo hiyo nenda hospitali. Usingoje kesho.

Pemba yetu ni ya vilima, jambo ambalo wenzetu wa Unguja hawaligundui mpaka waje. Barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani si ya mtu wa wiki ya kwanza. Anza dakika 15, mahali patambarare, kama mitaa ya karibu na Gombani, kisha ongeza dakika tano kila wiki. Ukifika kilima kikakushinda, shuka uikokote baskeli. Kukokota nako ni zoezi, na mifupa inalihitaji kwa sababu baskeli haiibebeshi uzito kama kutembea kunavyofanya. Kwenye mteremko bana breki mbili kidogo kidogo tangu juu, usingoje chini, hasa mvua ikinyesha. Wakati wa kusi au kaskazi kali, anza safari kwa kwenda kinyume na upepo, ili urudi nao umechoka ukisukumwa. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa ukingoni. Mpishe mwenye karafuu zake, lakini tazama nyuma kabla hujaingia katikati ya njia.

Wanaotoka baada ya sala ya alfajiri bado kuna kiza. Taa nyeupe mbele, kiakisi chekundu nyuma, na kofia ngumu kichwani. Yaliyobaki ya sheria za barabarani ni ya wenzetu wa Polisi, nisiwaingilie.

Akinamama, tunajua uzito wa kutazamwa. Waliofanikiwa wametueleza wanavyofanya: suruali pana chini ya baibui, baibui lisilokokota, baskeli yenye fremu ya kushuka na kava ya mnyororo, na kutoka wawili au watatu. Ncha ya kanga ikiingia kwenye mnyororo inamwangusha mtu vibaya, kwa hiyo kava si pambo.

Ramadhani, mwenye afya anaweza kuendesha taratibu nusu saa ya mwisho kabla ya futari, au baada ya tarawehe. Anayetumia insulini au glibenklamaidi aje kabla ya mwezi kuandama, tupange naye dozi na saa.

Maalim bado anayo baskeli yake. Kilo zimeshuka nne tangu alipopunguza sukari ya chai na chapati za usiku, na mkanda wake una tundu jipya, alilotoboa mwenyewe kwa msumari. Anayetaka kuanza aje asubuhi, hajala tangu usiku kama anataka kupimwa sukari ya njaa, na dawa zake zote kwenye mfuko. Akiweza, aje na baskeli pia. Spana tunayo, kiti tutakirekebisha hapo hapo chini ya mwembe.