Fonti za mwandiko huru ni zipi?

Fonti ya mwandiko huru ni ile ambayo herufi zake zimechorwa zionekane kama mtu kaziandika kwa kalamu au brashi, tena bila kujibana. Si kila herufi iliyojipinda, lakini. Ile inayopendwa kwenye kadi za harusi, majina ya maharusi yamejaa mikia na mizunguko, ni mwandiko rasmi. Asili yake ni walimu wa hati wa Ulaya waliofundisha kwa kalamu ya unyoya. Mwandiko huru ni wa mtu anayekuachia kikaratasi mezani: herufi hii imelala, ile imepanda juu ya mstari.

Fonti hizi zina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Brush Script ya Robert E. Smith ilitolewa Marekani mwaka 1942. Mwaka 1953, Mfaransa Roger Excoffon akatoa Mistral kupitia kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille, akifuata mwandiko wake mwenyewe. Kazi haikuwa ndogo. Enzi hizo kila herufi ilikuwa kipande cha risasi kilichosubiwa peke yake, na mkia wa kila kimoja ulipaswa kuigusa herufi inayofuata, iwe yoyote ile, bila kuacha pengo.

Kinachoziumbua fonti hizi ni kujirudia. Andika "maandazi" au "mzee" kwa mkono wako, kisha zitazame zile irabu pacha: hazifanani. Fonti ya ovyo inakupa mbili zilizo sawasawa kama matofali, na jicho linashtuka hata kama mwenye jicho hajui kwa nini. Kiswahili chetu chenye saa, juu na mkaa kinaianika haraka. Iliyotengenezwa vizuri huwa na maumbo kadhaa ya herufi moja, na teknolojia ya OpenType huyabadilisha yenyewe kadiri unavyochapa. Caveat ya Pablo Impallari, ambayo ni ya bure, hufanya hivyo. Mimi fonti yoyote mpya huipima kwa "maandazi" kwanza.

Matumizi yake ni maneno machache: jina la mgahawa, lebo ya chupa ya asali, sentensi moja juu ya picha. Aya nzima inachosha. Kosa ninalokutana nalo mno ni neno zima kwa herufi kubwa. KARIBUNI kwa Brush Script inasomeka kama ndoano zilizotundikwa kwenye kamba, kwa sababu herufi kubwa za mwandiko zilichorwa zianze neno na kupokewa na ndogo.

Maelezo mengine yaachie fonti iliyonyooka, hasa namba ya simu ya kupokelea mchango wa harusi. Kwenye mwandiko wa haraka 1 na 7 huweza kufanana, na hela ikaenda kwa mtu asiyehusika na harusi yenu.