Stafeli na utulivu wa mwili: dhana potofu na ukweli

Stafeli ni tunda linalopendwa kwa ladha yake, lakini sifa linazopewa zimevuka ladha: husemwa kwamba hutuliza mawazo, huleta usingizi, hushusha presha na, kwa kuwa ni tunda tu, halimdhuru mtu hata akilitumia kila siku. Baadhi ya sifa hizo zina chanzo cha kueleweka. Nyingine zinaweza kumponza anayezifuata kwa miaka mingi, na ndiyo sababu zinastahili kupimwa moja baada ya nyingine.

Dhana: Imethibitishwa kwamba stafeli huondoa wasiwasi na kuleta usingizi.

Ukweli ni kwamba haijathibitishwa. Katika visiwa vya Karibi, chai ya majani ya mstafeli imenyweshwa watu wenye shida ya usingizi kwa vizazi vingi, na mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa alkaloidi (aina ya kemikali za mimea) zilizotolewa kwenye tunda lenyewe hushikamana na vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hiyo, katika ubongo wa panya. Serotonini ni kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo pamoja na usingizi, kwa hiyo dai la utulivu halikuzuka hewani. Hata hivyo, kutoka kwenye ubongo wa panya hadi kwa mtu anayekesha akigeuka kitandani ni safari ndefu, na majaribio makubwa ya binadamu ambayo yangetuambia kipimo kinachofaa, muda wa kutumia na madhara yake hayajafanyika. Anayesema stafeli ni dawa ya usingizi amelitangulia sana tunda lenyewe.

Dhana: Ni tunda la asili, kwa hiyo halina sumu.

Hapa ndipo penye uzito. Stafeli lina anonasini, kemikali inayopatikana katika jamii hii ya mimea, ambayo huzuia mitokondria, yaani viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, kutengeneza nishati. Seli za neva, hasa zile zinazotegemea au kutengeneza dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo), hutumia nishati nyingi na huathirika upesi zikiikosa. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 87 kutoka Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, waliokuwa na dalili za kukakamaa na kupungukiwa na mwendo. Ni 22 tu kati yao waliokuwa na Parkinson ya kawaida, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Wengi wa waliosalia walikuwa na aina zisizo za kawaida, ambazo hazisaidiki vizuri kwa levodopa, dawa kuu ya Parkinson, na karibu wote katika makundi hayo walikuwa na mazoea ya kula stafeli au matunda ya jamii yake na kunywa chai ya majani yake. Baadaye, panya waliopitishiwa anonasini kwenye mishipa ya damu kwa siku 28 walipatikana na uharibifu katika ubongo.

Dhana: Hatari iko kwenye majani, nyama ya tunda haina neno.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vinaonyesha kinyume kabisa: tunda moja lilikadiriwa kuwa na takriban miligramu 15 za anonasini, ilhali kikombe kimoja cha chai ya majani kilikuwa na takriban miligramu 0.14. Maana yake ni kwamba tunda zima lina kiasi kinachozidi kile cha kikombe cha chai kwa takriban mara mia. Watafiti hao walikadiria kuwa mtu anayekula tunda moja kila siku, kwa mwaka mmoja huingiza mwilini kiasi kinacholingana na kile kilichowadhuru panya, ingawa ni lazima tukumbuke kuwa kinachopita tumboni hakifiki chote katika damu.

Dhana: Basi kila aliyewahi kuonja stafeli yumo hatarini.

Hapana. Mwaka 2010 shirika la usalama wa chakula la Ufaransa lilipitia ushahidi uliokuwapo na likaona kwamba hautoshi kuthibitisha kuwa stafeli ndilo lililosababisha maradhi ya Guadeloupe. Shaka iliyopo inahusu matumizi ya mara kwa mara kwa muda mrefu, wala si kipande kinacholiwa mara mojamoja katika msimu wake.

Dhana: Kusaga mbegu pamoja na nyama huongeza nguvu ya juisi.

Mbegu za stafeli ni sumu, na unga wake umetumika kuua wadudu. Ukilipasua tunda lililoiva utaona kila mbegu nyeusi imefumbatwa na kifuko cheupe cha nyama. Zitolewe kwa vidole moja moja kabla nyama haijaingia kwenye blenda, kwa sababu zikishavunjika hakuna chujio litakalorudisha kilichokwisha kuchanganyika na juisi.

Dhana: Linaweza kutumiwa pamoja na dawa yoyote.

Anayemeza dawa za presha, kisukari au usingizi anaweza kujikuta na athari iliyozidi, hasa akitumia vidonge na dondoo zilizokolezwa ambazo kiasi chake cha anonasini aghalabu hakiandikwi. Wajawazito, pamoja na mtu yeyote mwenye Parkinson au ugonjwa unaofanana nao, ni vyema wajiepushe nalo. Na mtu anayeanza kutetemeka, kukakamaa au kupoteza mizani amweleze daktari, bila kusubiri kuulizwa, kwamba amekuwa akila stafeli au kunywa chai yake, kwa kiasi gani na tangu lini.